Betri tatu, jua lile lile: maji, jeli na lithiamu

Huku kwetu delta ya Rufiji waya wa TANESCO haujafika kitongojini, kwa hiyo natumia sola tupu. Mzigo wangu ni wa kawaida: taa za LED, TV ya inchi 32, kuchaji simu za wateja dukani na friji ndogo ya DC ya soda. Paneli ni mbili za wati 200, kontrola, kile kifaa kinachosimamia chaji ya betri, ni ya MPPT, yaani inayokamua nguvu ya paneli kadiri inavyowezekana. Hivyo havijabadilika. Kilichobadilika ni betri: nilianza na ya maji, nikaenda kwenye jeli (iliyofungwa, asidi yake ni nzito kama uji), sasa nina lithiamu. Zote ni za volti 12, zote zimeandikwa 100Ah, yaani ampea-saa 100.

Hiyo 100Ah isikubabaishe. Betri za risasi, yaani ya maji na ya jeli, kwa kawaida hupimwa zikitoa ampea 5 tu mfululizo kwa saa 20. Ukivuta kwa nguvu, unapata pungufu. Na ukitaka ikae, usiishushe chini ya nusu. Kwa hiyo katika wati-saa 1,200 za kwenye lebo, unakula kama 600. Lithiamu aina ya LiFePO4 ina volti 12.8, unakula asilimia 80 na zaidi bila wasiwasi, yaani wati-saa 1,000 na kitu. Kwangu mimi tofauti hiyo ni friji: enzi za jeli nilikuwa naizima nikifunga duka, siku hizi inalala ikiwaka.

Lakini aliyetaka kuzijua betri hizi vizuri angekuja wakati wa masika. Betri ya risasi ikifika kama asilimia 80 huanza kunywa kwa kunyata, na hiyo sehemu ya mwisho hula saa kadhaa hata jua likiwaka. Sasa jua lenyewe linachungulia saa sita, saa nane limeshaondoka. Nilikuwa nasimama mbele ya kontrola naangalia: volti zimepanda 14.1, ampea zinashuka 15, 9, 5. Paneli zina nguvu, wa kuipokea hayupo. Mara wingu. Kesho yake hivyo hivyo. Betri ya risasi isiyojaa kwa wiki kadhaa hujenga salfa kwenye sahani zake, na ikishaganda, uwezo huo haurudi. Lithiamu inameza ampea zote mpaka inakaribia kujaa, tena haidhuriki ikikaa nusu. Hapo ndipo iliponilipa.

Jeli sitainunua tena kwa mazingira haya. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzijoto 10 zinazozidi 25, uhai wa betri ya risasi hupungua kwa nusu, na chumba changu kina bati juu. Jeli imefungwa, ikikauka imekauka. Yangu mwaka wa pili ilikuwa ukiwasha TV tu volti zinaporomoka, na walioniuzia wakasema garantii haihusu joto.

Ya maji watu wanaidharau bure. Unafungua vifuniko sita, unaona sahani, unaongeza maji safi ya betri (siyo asidi, wala ya kisima), unapima uzito wa asidi kwa haidromita: 1.265 imejaa. Tundu moja likisoma chini ya wenzake, umeujua ugonjwa mapema. Inataka mtu wa kuiangalia, na usiiweke chumba cha kulala maana inatoa gesi inayoweza kulipuka. Vichwa vyake vikiota ukungu mweupe, nasafisha kwa magadi. Hiyo yangu iko kwa mama, inawasha taa na redio, na kwa kazi hiyo singemshauri mtu atoe pesa ya lithiamu.

Lithiamu nayo ina vituko. Haifi taratibu kwa taa kufifia. Bodi yake ya ulinzi inakata ghafla, giza. Mita haikusaidii sana, kwani volti zinakaa 13 na pointi kidogo karibu usiku kucha. Kontrola lazima iwe na mpangilio wa lithiamu, ama uuweke mwenyewe volti 14.2 hadi 14.4 na uzime ile chaji ya kusawazisha, ya volti za juu, iliyotengenezwa kwa betri za risasi. Kijitabu kinaonya usichaji chini ya nyuzijoto 0, Rufiji, jamani! Na ikifa, wanunuzi wa chakavu wanaolipa risasi kwa kilo hawana habari nayo.

Mkinunua ya risasi, pimeni uzito. Jeli ya kweli ya 100Ah huwa kama kilo 30. Jirani yangu alileta moja yenye lebo nzuri sana, tukaipandisha kwenye mizani ya korosho: kilo 19. Risasi haiigizwi. Muuzaji akinuna ukiomba mizani, nenda duka la pili.