Kubadilisha jina la seva pepe niliyoikodi: uzoefu wangu kutoka Kisumu

Ninasimamia seva pepe, yaani VPS (sehemu ya kompyuta kubwa ya mtandaoni inayotumika kama kompyuta kamili), iliyokodiwa kutoka kampuni ya ng'ambo kwa ajili ya chama cha ushirika cha wakulima wa mpunga upande wa Ahero. Kazi yake kubwa ni kutuma barua pepe: taarifa za malipo, mialiko ya mikutano na hesabu za mbolea iliyokopeshwa. Tulikabidhiwa seva hiyo ikiwa na jina lililotungwa na mashine, mfuatano wa herufi na tarakimu usiomwambia mtu chochote. Tathmini hii inahusu jinsi huduma hiyo ilivyonisaidia, na ilivyonichelewesha, nilipotaka kulibadilisha jina hilo liwe neno «barua» likifuatiwa na kikoa chetu cha .co.ke.

Sikulibadilisha kwa ajili ya urembo. Seva inayotuma barua hujitambulisha kwa jina lake inapobisha hodi kwenye seva inayopokea, na tangu Februari 2024 Google inawataka wote wanaotuma barua kwa watumiaji wa Gmail wawe na rekodi za kikoa zinazolingana pande zote mbili: jina lielekeze kwenye anwani ya IP (namba ya seva kwenye mtandao), na anwani hiyo ielekeze kwenye jina. Mama mweka hazina wa chama aliponionyesha taarifa yake ya malipo ndani ya folda ya barua taka, aliniuliza, «Mwanangu, mbona barua ya chama imewekwa pamoja na za matapeli?» Swali hilo lilikuwa la haki. Mkulima anayesubiri malipo ya msimu mzima hapaswi kuitafuta taarifa yake katikati ya takataka.

Kwenye seva yenyewe, kazi ni nyepesi kiasi cha kupendeza. Tunatumia mfumo endeshi wa Ubuntu 22.04, na amri ya «sudo hostnamectl set-hostname», ikifuatwa na jina jipya, hulibadilisha jina papo hapo na kuliandika katika faili ya /etc/hostname bila kuizima seva. Muunganisho wa SSH, njia salama ya kuiamuru seva ukiwa mbali, haukatiki, jambo ninalolithamini sana kwa kuwa huku kwetu umeme unaweza kupotea wakati wowote na mtu akajikuta anamalizia kazi kwa bando la simu. Jina la zamani huendelea kuonekana mwanzoni mwa mstari wa amri hadi utoke na kuingia tena, kwa hiyo asiyejua asidhani kwamba amri imekataa. Jina lenyewe liwe la herufi, tarakimu na kistari peke yake. Kistari cha chini hakifai, na kila sehemu iliyo kati ya nukta haipaswi kuzidi herufi 63.

Hata hivyo, amri hiyo haigusi faili ya /etc/hosts. Ni lazima uifungue mwenyewe na kuurekebisha mstari unaoanza na 127.0.1.1, ukitanguliza jina kamili na kulifuatisha jina fupi, la sivyo sudo, programu inayoendesha amri kwa mamlaka ya msimamizi, inaweza kulalamika kwamba haiwezi kulitambua jina la mashine yake yenyewe. Baada ya hapo, amri ya «hostname -f» inapaswa kukurudishia jina kamili.

Nilipoiwasha seva upya, jina la zamani lilirudi. Chanzo chake ni programu ya cloud-init, ambayo huiandaa seva kwa mara ya kwanza na kwa kawaida huendelea kuangalia jina kila seva inapowaka, ikifuata maelezo yanayotoka kwa mtoa huduma. Tiba yake ni kuingia katika faili ya /etc/cloud/cloud.cfg na kuubadilisha mstari wa preserve_hostname kutoka false kuwa true. Ikiwa mtoa huduma amewasha pia manage_etc_hosts, basi faili ya /etc/hosts nayo huandikwa upya kutoka kwenye kiolezo, na mabadiliko yako yanafutwa. Mwongozo wa kampuni hiyo ulieleza amri ya hostnamectl vizuri na kuishia hapo. Kwa mteja anayelipa kila mwezi, naona huo ni upungufu mkubwa, kwa sababu mistari miwili tu ingemwepusha na usumbufu huo.

Postfix, programu inayotuma barua pepe zetu, nayo ilihitaji kuangaliwa. Ubuntu huandika myhostname ndani ya /etc/postfix/main.cf siku ya kuisakinisha, na thamani hiyo hubaki vilevile hata seva ikipewa jina jingine. Nililiandika jina jipya hapo, nikaipakia Postfix upya, na tangu hapo ikaanza kujitambulisha ipasavyo. Tovuti ya chama, iliyo kwenye seva hiyohiyo, haikuguswa kabisa, wala cheti chake cha usalama, kwa sababu hivyo hutegemea kikoa anachokiandika mgeni na si jina la mashine.

Palipobaki pagumu ni rekodi ya PTR, ile inayoitoa anwani ya IP na kuipeleka kwenye jina. Rekodi hii haikai kwa msajili wa kikoa. Huwekwa na mwenye anwani ya IP, ambaye hapa ni kampuni inayotukodisha seva. Paneli yao, yaani ukurasa ambako mteja husimamia seva yake, haikuwa na nafasi ya kuijaza. Nilipowaandikia, jibu la kwanza lilinielekeza kwa msajili wetu wa .co.ke, jibu lisilo sahihi, na nililazimika kuwaeleza kwa upole kwamba msajili hana mamlaka juu ya anwani yao. Mhudumu aliyefuata alielewa mara moja, akanitaka kwanza niweke rekodi ya A inayolielekeza jina kwenye anwani, sharti ambalo ni la busara, kisha akaikamilisha kazi kwa adabu na bila malipo ya ziada. Nilithibitisha kwa amri ya «dig -x», na taarifa zilizotumwa baada ya hapo zikaanza kuingia kwenye kikasha cha kawaida. SPF, rekodi inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma barua za kikoa, na DKIM, sahihi ya kidijitali ya barua, tulikuwa tumeshaziweka.

Kwa kasi ya seva na uthabiti wake, ninawapa alama za juu, na chama kinaendelea kulipia. Kwa anayehitaji seva ya tovuti peke yake, ningemshauri aichukue bila wasiwasi. Anayekusudia kutuma barua pepe awaulize kabla ya kulipa kama ataweza kuiweka rekodi ya PTR mwenyewe kwenye paneli, na jibu lao alihifadhi kwa maandishi.