Riwaya tano mpya za mauaji: zipi hazimdanganyi msomaji, na nakala ipi ununue ukiwa Mwanza

Kwangu riwaya ya upelelezi ina mtihani mmoja. Muuaji akishatajwa, je, naweza kurudi nyuma nikaweka kidole kwenye kurasa ambazo dalili zilikuwa wazi, nami nikazipita? Dalili zikikosekana, mwandishi amenilia pesa. Lugha tamu, mandhari na vituko vinahesabiwa baadaye. Hapa nimepima riwaya tano zilizotoka 2024 na 2025, zote za Kiingereza. Wauaji sitawataja.

Nianze na iliyo bora, The God of the Woods ya Liz Moore, ya Julai 2024. Ni Agosti 1975, kwenye kambi ya watoto ya likizo katika milima ya Adirondack, jimbo la New York. Mlezi wa kibanda anaamka na kukuta kitanda kimoja kitupu. Aliyetoweka ni Barbara Van Laar, miaka 13, binti wa familia inayomiliki kambi na ardhi iliyoizunguka. Kaka yake, Bear, alitoweka kwenye msitu huohuo mwaka 1961, kabla Barbara hajazaliwa, na hakupatikana.

Ugumu wake uko kwenye mpangilio. Hadithi inaruka kati ya miaka ya 1950, mwaka 1961, na miezi ya 1975, na kila sura inamfuata mhusika mwingine. Juu ya sura kuna jina la mhusika na safu ya tarehe, na tarehe inayohusika imekolezwa wino. Msomaji mwenye haraka hukipita kichwa hicho, akifika ukurasa wa mia anaanza kulalamika kwamba kitabu kinachanganya. Hakichanganyi. Chukua karatasi, ichore safu mbili, 1961 na 1975, na andika nani alikuwa wapi na nani alimwambia nani nini. Jina linapotokea kwenye safu zote mbili, lipigie mstari. Wafanyakazi na wanakijiji ndio wa kuwaangalia kwa makini, kwa sababu matajiri wa jumba lile huwaona watu hawa kama samani, na mwandishi anatumia upofu huo kuficha mambo mbele ya macho yako.

Mpelelezi wake ni Judyta Luptack, msichana aliyeingia kwenye kazi iliyojaa wanaume, na wakubwa zake wanamsikiliza nusu sikio. Hana kipaji cha miujiza. Anauliza swali, anaandika jibu, anarudi kesho yake kulinganisha. Jacob Sluiter, mfungwa aliyetoroka na anayezurura maeneo yale, anawagawa wasomaji vizuri sana: nusu watamshika yeye, nusu wataona ni rahisi mno kuwa kweli. Kasoro niliyoiona ni katikati, kwenye sura za Alice, mama wa watoto hao, ambazo mwendo wake ni wa kobe. Usiziruke. Mambo mawili ninayoyakumbuka kama dalili nzito yamo humo, yamesemwa kwa upole tu kana kwamba ni habari za nyumbani. Mtihani wangu kimeupita bila wasiwasi.

Hapa niingize suala la nakala, maana kitabu hiki ndicho kinachoumizwa zaidi na nakala feki. Za namna hiyo zinauzwa kando ya barabara kote Afrika Mashariki, na Mwanza nazo zipo. Nyingi ni picha za kurasa zilizochapwa upya: wino unafifia, herufi nene na nyembamba zinalingana. Ile tarehe iliyokolezwa inapotea, na pamoja nayo inapotea njia ya kujua uko mwaka gani. Kwenye riwaya ya mapenzi ungevumilia. Kwenye riwaya ya mauaji yenye nyakati tatu, umenunua fumbo lililofutwa nusu.

Namna ya kuitambua si ngumu. Jalada la nakala halali mara nyingi lina maandishi yaliyoinuliwa unayoweza kuyahisi kwa kidole. La feki ni laini kote na rangi zake zimelowa. Karatasi ya feki ama ni nyeupe ya fotokopi, ama ni nyembamba kiasi kwamba maandishi ya upande wa pili yanaonekana. Angalia pia ukingo wa ndani karibu na mgongo: kama mistari inazama kwenye gundi mpaka ulazimike kukikamua kitabu ili usome neno la mwisho, achana nacho. Kisha pekua namba za kurasa, hasa theluthi ya mwisho. Kurasa huchapwa na kukunjwa kwa makundi, kwa kawaida ya 16 au 32, ndipo zikaunganishwa kwenye mgongo. Kwa hiyo kosa la kiwandani huwa haliondoi ukurasa mmoja. Linaondoa kundi zima, au linaleta kundi lilelile mara mbili. Ukikosa kurasa 32 karibu na mwisho wa riwaya ya upelelezi, umekosa kitabu.

Wengi wetu huku ziwani tunaagiza kwa wauzaji wa Dar es Salaam na kupokea kifurushi kwenye ofisi ya basi, Nyegezi au Nyamhongolo. Kabla ya kulipa, omba video fupi muuzaji akipekua kitabu kutoka mwanzo hadi mwisho. Picha ya jalada haikuambii kitu. Uliza pia toleo. Wachapishaji wa Uingereza mara nyingi hutoa jalada gumu pamoja na toleo kubwa la jalada laini kwa ajili ya masoko ya nje, na hilo la pili ndilo la kuulizia kama hutaki kusubiri: ni jepesi, na maandishi ni yaleyale. Toleo dogo, lile la milimita 129 kwa 198, hufuata baadaye, mara nyingi ndani ya mwaka mmoja hivi, na ndilo rahisi kuliko yote. Kitabu kikishafika, usikiache kwenye dashibodi ya gari juani. Gundi ya mgongo hulegea, na kurasa zinaanza kutoka mojamoja.

Marble Hall Murders ya Anthony Horowitz ilitoka Uingereza Aprili 2025. Hii ni kwa mpenzi wa mafumbo hasa. Susan Ryeland, mhariri wa vitabu, anapewa kazi ya kuhariri riwaya mpya ya mpelelezi Atticus Pünd, inayoandikwa na kijana Eliot Crace baada ya mwandishi wa asili kufa. Eliot ni mjukuu wa mwandishi maarufu wa vitabu vya watoto. Susan anaposoma mswada anaona kwamba kijana ameificha familia yake mwenyewe ndani ya hadithi, pamoja na tuhuma kwamba bibi yake alipewa sumu. Kwa hiyo unasoma vitabu viwili: maisha ya Susan leo, na riwaya ya Pünd kule kusini mwa Ufaransa, inayokuja vipande vipande kadiri mswada unavyomfikia.

Kazi ya msomaji ni kulinganisha. Kila mtu wa ndani ya mswada ana mwenzake kwenye familia ya kweli, na vitabu vyote viwili vina muuaji wake. Nashauri uandike orodha mbili za majina, mkono wa kushoto wa mswadani, wa kulia wa familia, na uwaunganishe kwa penseli, siyo kalamu, maana utafuta. Horowitz anapenda kupangua herufi za majina ili yatoe neno jingine, hivyo jina la ajabu lisikupite. Mswahili aliyezoea kutegua vitendawili atafurahi, ingawa michezo mingine inategemea Kiingereza cha ndani na itamponyoka asiyekijua vizuri. Mtihani wangu kimeupita mara mbili, mara moja kwa kila muuaji.

Onyo moja: hiki ni cha tatu. Cha kwanza ni Magpie Murders cha 2016, cha pili Moonflower Murders cha 2020. Hiki cha tatu kinazungumza waziwazi mambo ya cha kwanza. Ukianzia hapa umejiharibia kitabu kizuri kuliko vyote vitatu. Muuzaji atakwambia kinajitegemea. Msikilize kwa adabu, kisha ununue cha kwanza.

We Solve Murders ya Richard Osman (Septemba 2024) sina mengi juu yake. Steve Wheeler ni polisi mstaafu asiyependa kutoka kijijini kwake. Mkwewe Amy, mke wa mwanawe, ni mlinzi binafsi wa matajiri. Na yupo Rosie D'Antonio, mwandishi wa riwaya mwenye pesa na mdomo. Watatu hawa wanazunguka dunia kumsaka anayeua watu maarufu wa mitandaoni. Kuna wazo moja la kisasa nililolipenda: mhalifu anapitisha barua pepe zake kwenye akili bandia ili mtindo wake wa kuandika usitambulike. Zaidi ya hapo ni vichekesho. Dalili ni chache, na kwenye mtihani wangu kimepata nusu. Ila ni mwanzo wa mfululizo mpya, kwa hiyo hakuna cha kusoma kabla yake, na Kiingereza chake ni chepesi. Anayeanza kusoma riwaya za lugha hiyo aanzie hapa.

King of Ashes ya S. A. Cosby, Juni 2025, ni jambo jingine kabisa. Roman Carruthers, msimamizi wa fedha za matajiri huko Atlanta, anarudi mji wa kwao Virginia baada ya baba yake kupata ajali ya gari na kupoteza fahamu. Familia ina biashara ya kuchoma maiti. Mdogo wake Dante anadaiwa na genge la wauaji, na mama yao alitoweka tangu wao ni vijana. Usikinunue ukitafuta fumbo. Swali la mama lipo na linajibiwa, lakini kinachokubeba ni kumwona mtu mwenye akili akishuka ngazi moja baada ya nyingine huku akijiambia kila ngazi ndiyo ya mwisho. Waliokua na Willy Gamba, yule jasusi wa riwaya za Elvis Musiba, watautambua mwendo wa kitabu, ila Gamba alikuwa na nchi ya kuitetea. Roman ana damu yake tu. Ukatili ni mwingi na unaelezwa kinagaubaga, na tanuru hilo linatumika kama unavyodhani. Usimpe mtoto wa sekondari.

Ya tano ni The Secret of Secrets ya Dan Brown, iliyotoka tarehe 9 Septemba 2025. Robert Langdon yuko Prague na Katherine Solomon, mwanasayansi wa mambo ya fahamu. Katherine anatoweka, na mswada wa kitabu chake unasakwa ili uangamizwe. Sura zimepita mia moja na karibu zote zinaishia kwenye mshtuko. Ni kama karanga za kukaanga: mkono unarudi wenyewe, halafu unashangaa umeshiba nini. Nilichochoka nacho ni mihadhara. Watu wanafukuzwa na bunduki, lakini wanapata nafasi ya kufundishana historia ya kanisa na nadharia ya ubongo. Dalili zipo, ila mwandishi anazificha kwa njia ya bei rahisi: mhusika anaona kitu, anashtuka, sura inakatwa kabla wewe hujaambiwa alichokiona. Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, naye alikuwa akikaa kimya na kiko chake, lakini alichokiona yeye, mwenzake Najum alikuwa amekiona, na sisi pia. Kwa safari ya usiku ya meli ya Bukoba kinafaa. Kwa kusoma mara ya pili, hapana.

Kwa wanaosomea Kindle, kile kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu vya kielektroniki, riwaya ya maandishi ni MB chache tu, hivyo bando si tatizo. Kitabu cha sauti cha saa 14 kwa ubora wa kawaida wa 64 kbps kinafika kama MB 400. Tangu 26 Februari 2025 Amazon imeondoa njia ya kupakua kitabu ulichonunua kwenye kompyuta na kukihamisha kwa waya, kwa hiyo unahitaji Wi-Fi au hotspoti ya simu. Kindle za zamani hazioni masafa ya 5 GHz. Simu yako ikikataa kuonekana, badilisha hotspoti iwe 2.4 GHz kabla ya kulaumu mtandao. Skrini ya Kindle inasomeka vizuri kwenye mwanga mkali wa kivuko cha Ukerewe, mahali ambapo skrini ya simu inageuka kioo. (Waliokuwa wakimaliza sura tatu kwenye foleni ya kivuko cha Busisi, daraja limewanyang'anya muda huo tangu Juni 2025.)

Vitabu vya aina hii vinataka mipangilio yake. Zima alama za wasomaji wengine, zile sentensi zilizopigiwa mstari na wengi: kwenye riwaya ya mauaji, mstari chini ya sentensi inayoonekana ya kawaida ni mnong'ono kwamba hapo kuna jambo. Usifungue X-Ray, ile orodha ya wahusika iliyomo ndani ya Kindle, kutafuta mhusika uliyemsahau, kwani inaonyesha pia ametajwa wapi na mara ngapi kitabu kizima, na mtu "mdogo" anayejaa kwenye sura za mwisho amejitangaza mwenyewe. Ficha asilimia na muda uliobaki. Na kabla ya kulipa pakua sampuli ya bure, ambayo kwa kawaida ni kama asilimia 10 ya mwanzo. Kwa The God of the Woods sampuli inakutosha kujua kama utaziweza tarehe zile. Kwa Marble Hall Murders inakuonyesha maisha ya Susan zaidi ya fumbo lenyewe, hivyo usikihukumu kwa hiyo.