Kuuelewa wimbo "Malaika": historia kwanza au mashairi kwanza?

Ukitaka kuingia ndani ya wimbo kama "Malaika", una njia mbili: kufuatilia historia yake, au kukaa na mashairi yenyewe.

Historia inavutia haraka. Fadhili William wa Kenya aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960, Miriam Makeba, mwimbaji wa Afrika Kusini, akaupeleka duniani, na mwaka 1965 ukatoka katika albamu yake na Harry Belafonte, mwimbaji wa Marekani. Kuhusu mtunzi, mvutano haujaisha: wapo wanaomtaja William, wapo wanaomtaja Adam Salim wa Tanzania. Uchunguzi huu unafundisha mengi juu ya haki za wasanii wetu. Lakini unaweza kuyasoma yote hayo na bado usimjue kijana anayeimba.

Mashairi ndiyo yanayokupa kijana huyo. Sikiliza: hasemi kwamba msichana amemkataa. Hakuna mpinzani, wala mzazi mkali anayetajwa. Kilichomzuia kumwoa ni kukosa mali, basi. Msichana naye hatusikii neno lake hata moja, kwa hiyo hatujui kama anamsubiri au ameshaolewa. Na sauti ya muziki ni tulivu mno, hata watu huupiga harusini, wimbo wa mtu aliyeshindwa kuoa! Hapo ndipo mimi huumia kila nikiusikia.

Kwa hiyo ningeanza na mashairi. Historia ifuate, hasa kwa swali ambalo mashairi peke yake hayalijibu: mahari ilikuwa kiasi gani wakati ule, na kijana wa kawaida alipata wapi fedha za kuilipa.