Upimaji wa masikio na usemi katika shule za umma Mombasa: muulize mpimaji cheti

Mzazi mwenye mtoto katika shule ya umma huanzia kituo cha upimaji wa kielimu, EARC, huduma iliyoanza Kenya mwaka 1984. Wapimaji wake kwa kawaida ni walimu wa elimu maalum walioajiriwa na TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu. Kwa uchujaji, yaani kujua nani asikia vyema na nani atumwe mbele, huduma hii inafaa. Kuchagua mashine ya masikio, yaani kifaa cha kumsaidia mtoto kusikia, na kuirekebisha ni kazi ya mtaalamu wa usikivu, na diploma ya ualimu haitoshi hapo. Uliza cheti bila haya. Kule Marekani, cheti cha tiba ya usemi cha ASHA, chama cha wataalamu wa usemi na usikivu, hudai shahada ya uzamili na saa 400 za mafunzo ya kazi.

Mpimaji mjuzi hujulikana mapema. Humulika ndani ya sikio kabla ya kugusa audiometa, mashine ya kupimia usikivu, kwani nta ikiziba, mtoto asiye na tatizo hufeli. Kisha hupiga milio ya hezi (kipimo cha wembamba wa sauti) 1000, 2000 na 4000 kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wake) 20, sikio moja moja. Hezi 500 huachwa kwa kuwa feni na ngurumo za matatu huimeza. Chumba kinachotazama barabara hakifai kabisa. Bora stoo ya vitabu. Na mtoto asione kidole kikibonyeza, la sivyo atainua mkono kwa kutazama tu. Akifeli, vipokea sauti vikazwe upya na arudiwe papo hapo kabla ya kuandikiwa rufaa.

Usemi ndio upande dhaifu, maana wataalamu wake ni haba. Mtoto wa Kibokoni akisema "mato" kwa macho au "ndoo" kwa njoo, hicho ni Kimvita safi, lahaja ya Mombasa. Mpimaji asiyejua lahaja ataandika kwamba "ch" na "j" zimemshinda, na mtoto atapewa tiba ya ugonjwa asiokuwa nao.

Mashine ikipatikana, adui ni jasho na unyevu wa pwani: maji hujikusanya kwenye kijibomba na sauti hukatika. Kichomoe, kipulize, na usiku weka mashine katika mkebe wenye vijifuko vya kukaushia. Betri ya zinki ikibanduliwa karatasi huanza kuisha hata isipotumika. Kipande cha sikioni hubana kadiri kinavyolingana na sikio. Mtoto akikua hulegea, na mashine huanza kupiga mbinja. Kituo kinachotoa mashine bila tarehe ya kurudi kupimwa kipande kipya, tunakipa nusu ya alama.