Duka la dawa la Upanga: hakuna pa kukaa, ila mfamasia anakuuliza kwanza

Duka lenyewe halina mbwembwe. Chumba kimoja Upanga, mwendo mfupi kutoka Muhimbili, feni inapiga kelele, na jioni foleni hufika barazani. Kadi yangu ya bima hawaipokei. Unalipa taslimu au kwa simu. Pamoja na hayo dawa zangu nanunua hapo, kwa sababu ya dada mfamasia wa zamu ya mchana.

Kipandauso ninacho tangu usichana. Sasa mishipa ya moyo nayo imekuwa myembamba: nikipandisha ngazi na mzigo wa vitenge, kifua kinabana. Nimeandikiwa nitrogliserini, vidonge vya kuweka chini ya ulimi. Vinasaidia upesi, ila kichwa kinagonga baadaye. Ndiyo nikaenda kuulizia sumatriptani, dawa anayotumia binti yangu kwa kipandauso chake.

"Shikamoo mama. Dawa ni ya nani?"

"Marahaba. Yangu."

"Na nyingine unatumia zipi?"

Nikamtolea kichupa changu cha kahawia. Alipokiona tu, boksi la sumatriptani likarudi kabatini.

Wengi wangekujibu "hairuhusiwi" na kumwita anayefuata. Huyu aligeuza risiti akanichorea mshipa. Ukutani mwake kuna vipokezi, kama matundu ya kitasa, kila kimoja na ufunguo wake. Sumatriptani hushika vipokezi vya serotonini (kemikali ya mwilini inayopeleka ujumbe) na kubana mishipa ya kichwani, lakini vipokezi vya aina hiyo vipo hata kwenye mishipa ya moyo. Na mshipa wa moyo unaopungukiwa damu haujibu kama ulivyokuwa ukijibu ukiwa mzima. Utando wake wa ndani, unaotoa naitriki oksaidi ya kuulegeza, unakuwa umedhoofika. Halafu misuli yake inaweza kuongeza vipokezi vya kubana, vya serotonini na vya endothelini, kemikali nyingine ya mwilini inayobana mishipa. Akanitajia utafiti wa 1991: wagonjwa walitiwa serotonini ndani ya mishipa ya moyo. Iliyo mizima ikatanuka, yenye ugonjwa ikabana. Hapo nikaelewa kwa nini dawa ya binti yangu si yangu. Vidonge vyangu vyenyewe huleta naitriki oksaidi bila kuutegemea ule utando, ndiyo maana bado vinanifaa.

Akanipa parasetamoli, akaniandikia karatasi ya kumpelekea daktari. Kwenye kichupa akaandika tarehe ya kukifungua: kikishafunguliwa ni wiki nane tu, vidonge vibaki humohumo kwenye kioo, kifuniko kikazwe, kisikae juani. Nisivihamishie kwenye kimfuko cha nailoni. Kisha, kwa sauti ileile, akauliza kama baba nyumbani anatumia vidonge vya nguvu za kiume, maana mtu akizichanganya dawa hizo na hivi vyangu presha inaweza kushuka vibaya. Foleni nzima ikanyamaza kusubiri jibu langu.

Hilo ndilo lawama langu kubwa kwao. Mambo ya mtu yanasikika mpaka barazani, wakati nyuma kuna stoo ambayo pazia tu lingetosha kuigeuza chumba cha maongezi. Kiti nacho hakuna, na wateja wao wengi ni wagonjwa wa moyo wanaotoka kliniki. Bei ni za kawaida, wala hawakusukumii vitamini usizoomba. Nenda kabla ya saa tisa alasiri, dada akiwa bado yupo. Kijana wa jioni ni mchangamfu, ila yeye anauza tu.