Rimini mwezi wa Novemba: ufukwe umefungwa ila mji uko wazi

Kila niliyemwambia nilienda Italia pwani ananiuliza picha za kuogelea ziko wapi. Hakuna jamani, nimeenda mwisho wa Novemba na bahari ya Adriatic wakati huo hata mguu huingizi. Mdogo wangu anasoma Rimini, Chuo Kikuu cha Bologna kina tawi lake pale, na likizo yangu ya kazini ikaangukia mwezi huo basi nikaenda, nikakaa siku 5. Naandika kwa sababu kabla ya kuondoka Dar nilitafuta mtu wa kwetu aliyefika kipindi kile nikakosa, wote wanaelezea Julai na Agosti.

Nianze na ufukwe maana ndio unaowapeleka watu. Ni mrefu sana aisee, kama kilomita 15, na mchanga wake mpana. Kipindi cha joto sehemu kubwa inashikwa na wafanyabiashara, kila mmoja na kipande chake wanakiita bagno, vina namba na namba zenyewe zinapita 100, unalipia kiti na mwamvuli kwa siku, vipande vya bure vipo ila vichache. Novemba vyote vimefungwa. Miamvuli imeng'olewa, vibanda vya kubadilishia nguo vina makufuli, na tingatinga limesukuma mchanga ukawa tuta refu kunizidi mimi, kuzuia mawimbi ya majira ya baridi yasiule ufukwe. Ukisimama upande wa barabara bahari huioni, unaisikia tu. Ukishapanda lile tuta unakuta wazee wanatembea wamejifunga skafu mpaka puani, watu na mbwa wao, vijana wanakimbia, na hakuna wa kukuuliza umelipia wapi. Hii niliipenda mno. Mimi mtoto wa Dar, nimeona pwani yetu kuanzia Msasani kwenda Kunduchi ilivyozungushiwa kuta, ukitaka kukanyaga mchanga mpaka upite getini kwa mtu, ndio maana Coco Beach, ufukwe wa bure, Jumapili panajaa vile. Kuona ufukwe wa biashara kubwa namna ile unarudi kwa wenyeji miezi yote hiyo, kiukweli iliniingia moyoni.

Hoteli sasa. Nyingi za mbele ya bahari zimefungwa kabisa, viti vimerundikwa ndani na vioo vimewekwa makaratasi, kwa hiyo unachagua kwenye chache zinazofanya kazi mwaka mzima. Yetu ilikuwa euro 48 kwa usiku na chai ya asubuhi, piga hesabu ya haraka euro 1 kama shilingi 3,000. Chumba kisafi, shuka safi, ila hita walikuwa wanazima saa 4 usiku mpaka saa 12 asubuhi, na tangazo lao halikusema hivyo. Usiku wa kwanza nililala na koti. Nilipolalamika, dada wa mapokezi akasema ndio utaratibu wa jengo akanipa mablanketi mawili, nashukuru, lakini mteja aliyetoka kwenye nyuzi joto 30 anatakiwa kuambiwa mapema. Ukibuku usiulize kama hita ipo, uliza inawaka saa ngapi mpaka saa ngapi. Halafu kuna kodi ya mji ya kila usiku, inalipwa pembeni.

Chakula ndio kilinifurahisha kuliko vyote. Kule wana piadina, ukiiona kwa mbali utasema chapati, na mimi nilikimbilia kabisa. Mdogo wangu akanishika mkono, "Dada subiri kwanza, ya kawaida wanaweka mafuta ya nguruwe." Kwa Muislamu hili la kulijua kabla hujafika, yale mafuta yamo ndani ya unga wenyewe, kwa hiyo kusema usiwekewe nyama haitoshi. Wapo wanaotengeneza kwa mafuta ya zeituni, lazima uulize. Alinipeleka kwenye kibanda karibu na mfereji wa bandari, mama mmoja mtu mzima anasukuma donge kwa kifimbo kama chetu tu, ila hakunji wala hapaki mafuta kutengeneza tabaka, anaitupa kavu kwenye bamba la chuma, ikianza kutoa mabaka meusi anaitoboa toboa kwa uma isivimbe, anageuza, kwisha. Ndani akanipangia sardoncini, samaki wadogo wa kuchoma wanaofanana na dagaa wetu wakubwa, na vitunguu na majani machungu ya zambarau. Euro 7. Nilikula nimesimama na ukungu umefunika boti zote, mikono imepata moto, nikarudi siku tatu mfululizo.

Mji wa ndani usiuache. Daraja la Tiberio lilimalizika mwaka 21 baada ya Kristo, lina matao 5 ya mawe, limepita Vita Kuu ya Pili ambapo mji ulipigwa mabomu vibaya sana, na mpaka leo watu wanalivuka kwenda kununua mikate. Ukivuka unaingia Borgo San Giuliano, zamani mtaa wa wavuvi, vinyumba vya rangi na kuta zimechorwa picha za filamu za Fellini, mwongozaji filamu maarufu wa Italia, maana alizaliwa mji huu 1920. Nenda mchana, kwa sababu mwisho wa Novemba saa 10 na nusu jioni jua limeshazama, mimi Adhuhuri, Alasiri na Maghribi nilikuwa naona zinafukuzana.

Siku moja ukungu ulizidi tukapanda basi la San Marino, kinchi kidogo kilicho juu ya kilima, linaanzia karibu na stesheni ya treni. Kupanda kilima kote hatuoni kitu, tulipofika juu jua kali, na ule ukungu uko chini yetu umetanda mweupe mpaka upeo wa macho. Tulikaa pale saa nzima.

Kwa anayetaka kwenda: viza ya Schengen, ile ya kuingia Italia na nchi nyingi za Ulaya, ada euro 90, na bima ya safari isipungue euro 30,000. Mimi nilipitia Istanbul mpaka Bologna, halafu treni ya kawaida, kama euro 10 hivi. Tiketi ya karatasi igonge kwenye kimashine kabla hujapanda, usipoigonga ni faini hata kama umelipa. Koti nunua soko la Karume, Dar, kabla ya kuondoka, langu shilingi 25,000 na lilinitosha. Januari epuka wiki ya maonyesho makubwa ya aiskrimu, hoteli zinajaa na bei zinapaa. Mdogo wangu ananiita Julai, nimemwambia nakuja Februari.