Usukani wa upepo kwenye yoti ndogo: maoni yangu baada ya siku 22 Atlantiki

Niseme mapema hiki kitu sikununua mimi, mwenye yoti alikifunga kwenye tezi, yaani nyuma kabisa ya boti, muda mrefu kabla ya safari, na sisi rafiki zake watatu tulikicheka sana siku ya kwanza maana kimekaa kama ngazi mbovu iliyochomekwa kaubao juu. Yoti yenyewe mita 10 tu, watu wanne, Las Palmas (Visiwa vya Kanari) mpaka Saint Lucia (Karibi), maili za baharini kama 2,700 hivi. Tuliondoka Desemba, msimu wa vimbunga umeshaisha na pepo za biashara, zile zinazovuma kutoka mashariki bila kuchoka, zinakusukuma kutoka nyuma karibu njia nzima.

Kwa wasioujua, usukani wa upepo ni mtambo unaoiongoza boti wenyewe bila mtu kushika, na hautumii umeme hata kidogo. Boti ikitoka njia, ule ubao wa juu unasukumwa na upepo unalala upande, ukilala unakigeuza kidogo kikasia kilichozama nyuma ya boti, maji yanayopita yanakibeba kile kikasia pembeni kwa nguvu ambayo mkono wako hauwezi kuizuia, na kamba mbili zinavuta kana (ule mti wa kushikia usukani). Basi, ndo hivyo tu. Wala sio kitu kipya, baharia Mwingereza Blondie Hasler alivuka Atlantiki peke yake na wa kwake mwaka 1960.

Sasa uzuri wake. Siku mbili za kwanza tulishika kana wenyewe kwa ubishi tu, kila mtu anajifanya baharia, kufika siku ya tatu mikono imekufa na watu wazima tunanuniana kisa sufuria haijaoshwa. Otopailoti, yaani mashine ya umeme ya kushika usukani, tuliijaribu ikawa inakunywa betri kuliko sola zinavyojaza, tukaizima. Tulipoanza kuutumia huu usukani, zamu ya masaa matatu usiku ikawa ni kukaa, kuangalia meli na kukagua matanga, halafu unalala masaa tisa mazima. Kuanzia hapo kelele za sufuria zikaisha, sijui ziliishia wapi.

Ila jamani una mambo yake. Kwanza unafuata upepo, haufuati dira. Usiku mmoja upepo ulihama taratibu na boti ikahama nao kimya kimya, kunakucha tunaelekea kusini kabisa, na aliyekuwa zamu alikuwa anahesabu vimondo (ni mimi, msiniulize). Pili, upepo mdogo wa nyuma unauchanganya, boti ikiteleza kwenye wimbi inaukimbia upepo wake yenyewe, ubao unakosa cha kuusukuma na omo (pua ya boti) inaanza kutangatanga. Dawa yake tulikuja kuipata tukiwa tumeshachoka: shusha tanga kubwa kabisa, weka matanga mawili ya mbele, moja kila upande. Mtayumba kama chupa tupu lakini njia inanyooka.

Tatu ni kamba, na hapa ndo nawaomba msome vizuri. Zinatembea kwenye kapi (vigurudumu vya kupitishia kamba) mchana na usiku bila kupumzika, kwa hiyo zinalika. Yetu moja ilikatika saa tisa usiku wakati bado tunatumia tanga kubwa, boti ikageuka na tanga likavuka upande wa pili kwa kishindo mpaka mlingoti ukatetemeka. Nilipoishika ile kamba na tochi mdomoni, ilikuwa imekatikia palepale inapopindia kwenye kapi, sehemu nyingine zote kama mpya. Tangu siku hiyo kila asubuhi tukawa tunaisogeza kidogo ili isilike sehemu moja. Beba kamba za akiba nyingi kuliko unavyodhani, na ubao wa pili. Magugu ya sagasamu, yale ya baharini yanayoelea, nayo yananasa kwenye kikasia, unakiinua unayatoa unakirudisha, kero tu ya kawaida.

Kingine, kati ya kikasia na fremu kuna bomba lililotengenezwa kusudi livunjike kikasia kikigonga kitu, fremu ipone. Tulikuwa nalo la akiba na bahari nzima hatukuligusa. Tumeingia bandarini, furaha tele, mwenye yoti anarudisha boti nyuma kwa injini na hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kuinua kikasia. Kraa! Bomba likavunjika. Watu kwenye boti za jirani walipiga makofi.